Nusu Darajani, Nusu Mtoni

Mpaka leo sijamwelewa Karani. Naanza na hilo ili nisimpotezee mtu muda: anayetafuta hapa habari za mzee mwenye majibu hatazipata. Nilifanya naye kazi miaka tisa kwenye duka letu la pembejeo hapa Songea, yeye akiwa karani wa mizigo, mimi kwanza mtoto wa mwenye duka, baadaye mwenye duka mwenyewe, na mwisho nikamfukuza kazi. Hata hilo la kumfukuza sijui kama lilikuwa jambo la maana au upuuzi mtupu. Kuna asubuhi naamka nimeshajisamehe, ikifika saa nne nimejifungulia kesi upya.

Kazi yake ilikuwa kupeleka mizigo ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji. Duka letu liliuza mjini na vijijini kama maduka mengine, lakini mama yangu, aliyelianzisha, alikuwa na wateja wawili wakubwa kule: vijiji viwili ambavyo sisi dukani tulizoea kuviita Juu na Chini. Juu kiko mlimani, karibu na barabara inayotoka daraja la Mkenda. Chini kiko bondeni kando ya mto, pale watu wanapovuka kwa mitumbwi. Kwao, mji wa karibu wenye duka la maana ni huu wetu. Miji yao wenyewe iko mbali, na barabara ya kuifikia ni ya kukatisha tamaa. Kwa hiyo mbegu, chumvi, sabuni, mabati, mabomba ya kupulizia dawa, vyote walivipata kwetu. Tusipofika, wanakosa.

Sasa, mtu mwenye akili zake angepanga hivi: mzigo wa Juu uende kwa lori kupitia darajani, mzigo wa Chini uende kwa mitumbwi. Au yote iende kwa lori, maana kutoka Juu kuna njia ya kuteremka Chini. Karani hakupanga hivyo. Yeye aliukata katikati mzigo wa kila kijiji. Nusu ya Juu darajani, nusu ya Juu mtoni; nusu ya Chini darajani, nusu ya Chini mtoni. Yaani kulikuwa na magunia yanashushwa kwenye mtumbwi mbele ya macho ya watu wa Chini, halafu yanapandishwa mlima kwa baiskeli kwenda Juu, na njiani yanapishana na magunia ya Chini yakiteremka. Nilipoona mara ya kwanza nilidhani mzee amechoka. Nikamfuata na karatasi mkononi.

"Shikamoo Karani."

"Marahaba, mwanangu."

"Naona hapa mizigo imechanganyika."

Akaitazama ile karatasi kwa heshima, kama vile hakuiandika yeye. "Haijachanganyika. Nimeigawa."

"Kwa nini lakini?"

"Tutaona," akasema, akanirudishia.

"Tutaona" lilikuwa jibu lake la kila kitu. Mvua itanyesha lini? Tutaona. Hili gari litafika? Tutaona. Siku moja fundi alimuuliza kama anataka chai ya rangi au ya maziwa, akasema tutaona, na fundi akaondoka bila kuleta chai yoyote. Nilimlalamikia mama. Mama alikuwa anapanga pakiti za mbegu za mboga, hata hakugeuka. "Mwache Karani," akasema. Ilikuwa hivyo kila nilipomlalamikia, na mimi nilikuwa nalalamika sana. Niliona mama anamlea mzee wa watu mpaka anaharibika.

Kwa kumtazama usingemdhania ukorofi wowote. Mwembamba, shati jeupe la mikono mirefu lililofungwa kifungo cha shingoni hata jua la Oktoba likiwaka, kofia ya kufuma, na miguuni katambuga za matairi. Alikuwa Myao wa Tunduru, Mwislamu wa sala tano, akifanya kazi katikati yetu sisi Wakatoliki wa Mshangano ambao Jumapili tulikuwa tunafunga duka na kumwachia funguo. Hakuna aliyewahi kuhesabu kitu Jumatatu. Kiswahili chake kilikuwa cha taratibu, na akivuka mto kilikuwa kinayeyuka chote anabaki na Kiyao, anacheka na watu wa kule kama ndugu. Nilipomuuliza kama ana jamaa ng'ambo alisema, "Wapo. Na ambao si jamaa wapo pia." Nikabaki palepale nilipokuwa.

Karatasi alizipenda mno. Hakuvusha hata kiberiti bila hati. Mbegu ilikuwa na kibali chake, cheti chake, mhuri wake, na nakala tatu za kila kimoja. Hapo ndipo kituko kilipokuwa: mzigo wote ulikwenda kwanza mpakani kukaguliwa na kugongewa mihuri, kisha nusu yake Karani anaigeuza, anairudisha nyuma kwa njia ya vumbi mpaka mtoni ili ipande mitumbwi. Maofisa walikuwa wamemzoea. Mmoja, kijana aliyehamishiwa kutoka Kanda ya Ziwa, aliniambia siku moja tukiwa kwenye foleni, "Dada, huyu mzee wenu anafika mlangoni halafu anaingilia dirishani. Ana matatizo gani?" Nilicheka, lakini aibu ilinishika.

Kama angekuwa mpinzani wa barabara ningemwelewa. Wapo wazee wanaochukia lami kwa sababu tu ni mpya. Karani hakuwa hivyo. Hakuna mkutano wa barabara uliofanyika ambao hakuhudhuria. Aliandika barua kwa kila aliyeweza kuandikiwa, mwandiko mzuri wa kulala kidogo, akieleza kwamba njia ya kwenda mpakani ikitengenezwa, kijiji cha Msumbiji na kijiji cha Songea vitalishana badala ya kila kimoja kufa na shida yake. Aliposimama kuzungumza watu walinyamaza, na kwa kweli alizungumza vizuri. Mkutano mmoja nilikuwepo. Mtaalamu aliyekuja alieleza mpango mzima, mahali pa kupanua, mahali pa kuweka makaravati, na watu wakapiga makofi. Karani akanyoosha mkono. Nikajiandaa kusikia shukrani.

"Nashukuru sana," akasema. "Swali langu ni kuhusu mitumbwi. Mtaitengenezea nini?"

Yule mtaalamu akauliza mitumbwi gani. Karani akasema ile ya mtoni. Mtaalamu akaeleza kwa upole kwamba barabara ikikamilika, mzee, mitumbwi haitahitajika tena. Karani akaitikia kwa kichwa, akakaa. Wakati wa kutoka nilimwona amemfuata yule bwana hadi kwenye gari, amemshika mkono kwa mikono yake miwili, anamshukuru tena. Sikujua ameshukuru nini, na uso wa yule bwana ulionyesha kwamba naye hakujua.

Kuna jambo jingine la barabarani ambalo linanikaa kichwani. Kwetu gari likiharibika njiani dereva anakata matawi, anayapanga nyuma na mbele ya gari ili wanaokuja wapunguze mwendo. Tatizo ni kwamba akishatengeneza anaondoka na kuyaacha. Karani hakuweza kuyapita. Tukiwa tunakwenda naye Mkenda, akiona matawi yaliyokauka na hakuna gari, atagonga bodi: simama. Atashuka, atayaokota moja moja, atayatupa porini, atapanda. Mara tano, mara sita katika safari moja. Dereva akiwa anasonya. Nilimwambia, Karani, tutafika lini? Akasema, "Haya yanasema uongo. Mtu anapunguza mwendo leo, kesho anapunguza, keshokutwa anasema ah, matawi tu. Siku hiyo ndiyo gari lipo." Hilo nililielewa. Ndiyo maana linaniuma, kwa sababu linaonyesha alikuwa na uwezo wa kueleza jambo likaeleweka. Kwa nini la mizigo hakulieleza?

Halafu mtu huyohuyo wa njia mbili, katika maisha yake mwenyewe, alikuwa na moja ya kila kitu. Mwavuli mmoja. Kikombe kimoja, ambacho siku kilipopasuka alikunywa maji kwa kiganja wiki nzima. Alipita njia ileile kwenda msikitini na kurudi. Mchana alikula kwa mama ntilie mmoja tu, nyuma ya stendi ya zamani, wali na maharage, na mama huyo alipougua akafunga kibanda, Karani alishinda na njaa siku nne. Vibanda vingine vilikuwa jirani kabisa. Nilimtania: "Karani, gawa tumbo, nusu kwa huyu nusu kwa yule." Alicheka mpaka akavua kofia kujifuta machozi. Lakini hakwenda kula.

Na daraja alilipenda. Lilipokuwa bado linazungumzwa mjini kama jambo la ajabu, aliomba ruhusa siku moja, ruhusa ya kwanza tangu nimfahamu, akapanda gari la watu kwenda kulitazama tu. Alishinda pale mchana kutwa. Aliporudi tulimzunguka tukamuuliza ameonaje.

"Zuri," akasema. "Pana, imara, limenyooka. Nimelipenda sana." Akavua katambuga, akazikung'uta vumbi. "Lakini ni moja."

Wapakizi walicheka siku nzima. Mpaka sasa mtu akisifia kitu pale godauni, simu, shati, mke, mwenzake atajibu "lakini ni moja". Na mimi nilicheka, ingawa nilikuwa nimeanza kuchoka. Mama alikuwa ameshaanza kuumwa, na mimi ndiye niliyekuwa napigiwa simu na watu wa ng'ambo kuuliza kwa nini mzigo uliofika Jumatatu ni nusu na nusu nyingine itafika lini.

Mama akafariki. Karani alichimba kaburi pamoja na vijana, kwa umri ule, na walipomnyang'anya jembe alikaa pembeni akishika udongo. Siku ya kwanza tulipofungua duka tena aliniita Mkubwa. Nilimwomba aniite mwanangu kama zamani. "Sasa wewe ni Mkubwa," akasema, na hakurudi nyuma. Nililichukia jina lile, kwa sababu tangu siku hiyo hakuna aliyeniambia "mwache Karani". Uamuzi ulikuwa wangu.

Mwaka uliofuata ndio ulioleta yote. Kule ng'ambo wadudu wa dumuzi waliingia kwenye vihenge vyao, wakabungua mpaka mahindi waliyotenga kwa mbegu. Vijiji vyote viwili vikaagiza mbegu kwetu, mbegu ya shamba zima, si ya kujazia. Na mvua ilikuwa inanukia mapema. Nilimwita Karani ofisini, nikafunga mlango.

"Karani, safari hii tusicheze. Mbegu yote ipande lori moja, ivuke darajani kesho asubuhi. Juu washushiwe, lori literemke Chini lishushe, lirudi."

"Nimesikia, Mkubwa."

"Usigawe."

"Nimesikia."

Aligawa. Sijui niseme nini. Nilikuwa Njombe kufuatilia mizigo mingine, na niliporudi siku ya nne nilikuta lori bado limesimama uani, limepakiwa nusu, linasubiri karatasi zilizotangulia mpakani na ile nusu ya mtoni zirudi. Nilifoka mpaka sauti ikakauka. Lori likaondoka saa hiyohiyo. Usiku wake mvua kubwa ilishuka, na karavati moja ng'ambo ya daraja likaenda na maji. Lori lilikwama upande wetu wiki tatu. Ile nusu ya mtoni ilikuwa imeshavuka.

Basi hesabu ikawa hivi, na naomba anayesoma anisaidie, maana mimi nimeshindwa. Kila kijiji kilipata nusu ya mbegu. Nusu ya mashamba yalipandwa, nusu yalikaa majani. Hakuna kijiji kilichokosa kabisa, na hakuna kilichotosheka. Kama Karani angenitii, lori lingevuka siku tatu kabla ya mvua na vijiji vyote viwili vingepanda mashamba yote. Lakini kama angenitii, na lori likachelewa kwa pancha tu, kwa mhuri tu, vijiji vyote viwili visingepata hata punje. Mwenyekiti wa Juu alikuja mpaka dukani, amekuja kwa bodaboda, tope mpaka magotini, akanisimamia mbele ya wateja. "Mwanangu, nusu ya mbegu ni mbegu gani? Wewe unakula nusu ya siku?" Wiki hiyohiyo akaja mama mmoja wa Chini na mbuzi mdogo, zawadi ya Karani, kwa sababu watoto wake wangekula. Yule mwenyekiti na yule mama walizungumzia tukio lilelile. Nilikaa kwenye kiti cha mama yangu nikashika kichwa kwa mikono miwili.

Nilimfukuza siku tatu baadaye, na nilimfukuza vibaya. Sikumwita ndani. Nilitoka uani, alikuwa ameinama juu ya pipa anaandika hati ya chumvi, wapakizi wote wapo.

"Karani, uliambiwa usigawe."

"Niliambiwa, Mkubwa."

"Ukagawa."

"Nikagawa."

"Nieleze basi! Nipe sababu moja, hata ya uongo, nitaishika hiyo."

Nilikuwa nataka kulia. Nilikuwa namwomba, kwa kweli. Kama angesema hata neno moja la maana ningemwacha. Alinitazama, akasema, "Sina, Mkubwa." Nikamwambia basi kazi yake imeisha. Aliimalizia ile hati mpaka mstari wa mwisho, akaweka tarehe, akaipuliza wino ukauke ingawa ilikuwa kalamu ya kawaida, akampa mpakizi. Akaniaga kwa heshima. Wapakizi hawakunisemesha mpaka Jumamosi.

Miaka ikapita, na ukweli usemwe, mambo yalininyookea. Karavati lilijengwa upya, kubwa zaidi. Barabara ikaboreshwa kipande kwa kipande. Nikanunua fuso la pili. Mizigo ikawa inaondoka asubuhi na jioni imeshashushwa, kijiji kizima kizima, bila baiskeli kupishana mlimani. Lori likitosha tulipeleka kote siku moja. Lisipotosha tulianza Juu kwa sababu kiko njiani, Chini kikafuata safari ya pili. Mitumbwi sikuitumia tena. Nilijiambia nilikuwa sahihi, na nilijiambia hivyo mara nyingi kuliko mtu aliye sahihi anavyohitaji kujiambia.

Mwaka huu, mwanzoni mwa msimu, nilikuwa nakwenda Mtwara. Mizigo yetu yote ya kutoka nje ilikuwa inapitia Makambako, na msimu uliopita njia ile ilifungwa siku kadhaa, duka likabaki na rafu tupu, nikaona heri mingine niwe naichukulia bandari ya Mtwara kupitia Tunduru. Tulipofika Nakapanya dereva aliomba kusimama anunue korosho. Pale barabarani kuna meza za akina mama mfululizo. Nyuma ya meza moja, kwenye kigoda, alikuwa amekaa Karani anabangua korosho. Shati jeupe, kifungo cha shingoni.

Nilishuka, nikajikuta nimeshapiga goti.

"Shikamoo Karani."

"Marahaba, Mkubwa. Karibu. Alhamdulillah, umenenepa."

Binti yake, mwenye ile meza, alinipa kiti. Tulizungumza habari za mjini, nani kafa, nani kahamia wapi, stendi mpya ikoje. Akaniuliza naelekea wapi. Nikamweleza habari ya Makambako na ya Mtwara. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe na wewe sasa una njia mbili," akasema, na akacheka kile kicheko cha kuvua kofia.

Hapo sikuweza kujizuia. Nikamwambia Karani, miaka yote hii, nieleze. Kwa nini ulikuwa unagawa? Akaweka chini kisu cha kubangulia.

"Kabla hujaanza kazi dukani," akasema, "kulikuwa na mwaka gari lilikuwa moja na mbegu ya kuvusha ni ya kijiji kimoja. Mama yako akaniambia, Karani, chagua. Nikachagua Juu. Nikasema basi, Chini nitakwenda mwenyewe kuwaambia, ndiyo uungwana. Nikavuka kwa mtumbwi. Wakaniona nikiwa bado katikati ya maji. Wakapiga vigelegele, Mkubwa. Walidhani nimeutangulia mzigo wao. Wakanikalisha kwenye mkeka, wakanipikia samaki, ugali, watu wazima wakanishikia maji ya kunawa." Akapangusa maganda ya korosho magotini. "Nilikula kwanza. Nilikuwa na njaa, na nilishindwa kusema. Nilikula nikashiba, ndipo nikawaambia."

"Wakafanyaje?"

"Hakuna. Mama mmoja akaniuliza kama nimetosheka na kitoweo."

Malori mawili yakapita kuelekea Tunduru mjini, tukasubiri vumbi litue.

"Kwa hiyo ndiyo sababu," nikasema.

"Sijui kama ndiyo sababu. Labda. Labda ni uoga tu. Mimi nilishindwa kuchagua nani akose, Mkubwa, nikageuza kushindwa kwangu kuwa utaratibu wa kazi. Mama yako alinijua, akaninyamazia. Wewe uliniuliza mbele ya watu, nikaona haya."

"Na nilipokufukuza, ulinikasirikia?"

"Hapana." Alisema bila kufikiri. "Nilikuonea huruma. Nilisema, sasa atachagua yeye."

Simu yangu ikaita. Alikuwa msimamizi wangu wa godauni. Alisema fuso moja limekufa gia, limebaki moja, na kule mpakani mawingu yameshafunga. Safari ya kurudia huenda isiwezekane. Mbegu ya vijiji vyote iko chini ya turubai. Wapakie ya Juu au ya Chini?

"Juu," nikasema.

Nilijibu kabla hajamaliza kuuliza. Nikakata simu, nikamgeukia Karani niendelee na mazungumzo, nikamkuta ananitazama. Hakuwa amekasirika. Ndipo nikasikia nilichokisema.

"Na Chini," akauliza polepole, "nani anawaambia?"

"Nitawapigia simu."

"Wapigie."

Nikafungua simu nikatafuta. Mwenyekiti wa Juu yupo. Mwalimu wa Juu yupo. Mwenye mashine ya kusaga wa Juu yupo, hata na picha yake. Nikapandisha majina, nikashusha, nikaandika neno Chini, nikaandika neno mtoni. Oda zao zilikuwa zinaletwa na mwenyekiti wa Juu pamoja na zake, miaka yote hiyo, na mimi nilikuwa naona ni jambo la kurahisisha kazi. Sikuwa na namba ya mtu hata mmoja. Sikuwa najua jina la mtu hata mmoja.

"Umempata?" Karani akauliza.

Nilimuaga, akanipokea mkono kwa mikono yake miwili, akaushika muda mrefu. Nikaingia kwenye gari nikamwambia dereva ageuze, tunarudi, na tukifika Songea tusipite dukani, tunyooshe mpaka mtoni. Akageuza. Baada ya kilomita kadhaa akaniuliza huko mtoni tunapeleka nini, maana nyuma hakuna kitu.